Kisa cha Bi M. wa Ngamiani: kupona baada ya kuongeza matiti katika nyumba isiyoambiwa

Kisa hiki kinamhusu mwanamke wa miaka 34, mfanyabiashara wa madera na vitenge katika Jiji la Tanga, ambaye humu nitamwita Bi M. Yeye mwenyewe ameridhia kisa chake kiandikwe, na mambo yanayoweza kumtambulisha yamebadilishwa. Alifanyiwa upasuaji wa kuongeza matiti katika hospitali moja ya Dar es Salaam, akarejea nyumbani kwake Ngamiani siku ya nne, na usiku wa kuamkia siku ya nane damu ilivuja na kuvilia ndani ya titi la kushoto hata ikabidi arudishwe chumba cha upasuaji. Mimi ni muuguzi. Niliitwa usiku huo kwa ujirani, na baadaye nikamuuguza nyumbani mpaka alipopona. Upasuaji wenyewe ulifanyika vizuri. Ninachokichambua ni zile siku za nyumbani, kwa kuwa nina yakini kwamba madhara aliyoyapata yalichangiwa na mambo mawili yaliyoshikana: nyumba haikuambiwa kuwa ina mgonjwa wa kidonda, na karatasi ya maelekezo aliyopewa ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya nyumba isiyofanana na yake hata kidogo.

Bi M. ni mama wa watoto wawili, na wa mwisho, mwenye miaka minne, aliachishwa kunyonya akiwa na miaka miwili. Baada ya kunyonyesha mara mbili matiti yake yalinywea, jambo linalowapata wanawake wengi, naye alikuwa akiliwaza kwa muda mrefu kabla ya kumwambia mumewe. Mumewe, dereva wa lori la masafa marefu, aliafiki na wakachanga fedha pamoja. Wengine waliojua ni mdogo wake wa kike anayeishi Makorora na rafiki mmoja wa Dar es Salaam. Shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu utotoni na anayeishi naye nyumba moja, hakuambiwa. Bi M. alijua kwamba shangazi angesema kuwa huko ni kubadili umbo alilopewa na Mwenyezi Mungu, na hakutaka kubishana na mtu aliye mahali pa mama. Sitaingia katika hukumu ya jambo hilo, kwa kuwa lina wenyewe wa kulisemea. Mwanamke akishatoka chumba cha upasuaji anastahili kuuguzwa, iwe sababu iliyompeleka humo imetupendeza au haikutupendeza.

Daktari aliweka vifuko vya silikoni vya mililita 275 kila upande, akivipitisha katika mkato wa sentimita 5 hivi uliofichwa kwenye mkunjo ulio chini ya titi, na kuvilaza chini ya msuli mkubwa wa kifua. Kwa mwanamke mwembamba mahali hapo huchaguliwa mara nyingi, kwa sababu msuli hufunika kingo za kifuko zisionekane wala zisipapasike kirahisi. Gharama yake ni maumivu makali zaidi siku za mwanzo, hisia ya kifua kubanwa, na jambo moja ambalo msomaji hana budi kulishika ili aelewe yote yaliyofuata: msuli huo ndio unaouleta mkono mbele na kuukaza karibu na kiwiliwili. Kila mkono unaposukuma, unapokamua nguo au unapoegemewa ili mtu ainuke kitandani, msuli hukaza juu ya nafasi mbichi ambayo vishipa vyake vya damu vimezibwa siku chache tu zilizopita. Mgonjwa akidhani kwamba anakatazwa kutumia mikono ili asiumie tu, ataitumia siku maumivu yatakapopungua, na kwa kawaida maumivu hupungua baada ya siku tatu au nne, muda mrefu kabla ya vishipa kuwa imara.

Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya ukurasa mmoja, na yote yaliyoandikwa humo yalikuwa sahihi. Ilimtaka alale chali huku kifua kimeinuliwa kiasi cha nyuzi 30 hadi 45, asiinue viwiko juu ya mabega, asibebe kitu kinachozidi kilo 2, avae sidiria ya upasuaji isiyo na waya usiku na mchana kwa wiki 6, asiloweshe plasta kwa saa 48 za mwanzo, asiingie baharini wala bwawani mpaka kidonda kifunge kabisa, na apige simu akiona titi moja limevimba kuliko jingine, homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha, au pumzi kukatika. Mtu mwenye kitanda cha kunyanyuka, bafu la maji ya juu, jiko la kimo cha kiuno na chumba chake peke yake angeweza kuitekeleza karatasi hiyo bila taabu. Bi M. analala na mwanawe kwenye godoro moja, maji huyachota bomba la uani kwa ndoo, hupika akiwa amekaa kwenye kigoda, huvaa dera linalopitishwa kichwani, na husali sala tano kwa rukuu na sujudu. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, mara kumi ya kiwango alichoruhusiwa. Kabla ya kumruhusu hakuna aliyemuuliza anarudi katika nyumba ya namna gani, nani humo atapika, na nani anajua kilichofanyika.

Shangazi aliambiwa kwamba Bi M. anakwenda soko la Kariakoo, Dar es Salaam, kufuata mzigo. Ili maneno yawe na ushahidi, Bi M. alirudi na robota la madera, akasafiri kwa basi kilomita 350 hivi kupitia Chalinze na Segera, mkanda wa kiti ukimpita kifuani, mpaka mdogo wake alipompokea stendi ya Kange. Sina dalili kwamba safari hiyo ndiyo iliyomdhuru. Hata hivyo, kukaa kitako saa nyingi siku chache baada ya upasuaji huongeza uwezekano wa damu kuganda katika mishipa ya miguu, na mtu wa Tanga anayefanyiwa upasuaji wa aina hii Dar es Salaam afadhali abaki huko wiki nzima ya kwanza, karibu na daktari wake, kwa kuwa damu inayovuja baada ya upasuaji huu hujitokeza zaidi katika siku hizo.

Lakini maneno ya Kariakoo yalikuwa na gharama kubwa kuliko basi. Mtu aliyetoka kufuata mzigo hana sababu ya kulala mchana. Wateja wanakuja kuangalia madera mapya, mtoto aliyemkosa mama yake anataka kubebwa, na shangazi aliyebeba nyumba peke yake kwa siku nne anatazamia kupumzika. Hakuna kati yao aliyemtendea Bi M. ubaya, kila mmoja alidai haki yake kwa mtu waliyemwona mzima. Yeye naye, kila alipotaka kukataa kazi, alihitaji kutunga sababu nyingine, na sababu zikamwishia. Siku ya tano alifua nguo za mtoto. Siku ya sita alichota nusu ndoo kwa mkono wa kulia akisingizia mgongo. Siku ya saba ilikuwa Ijumaa, kulikuwa na wageni wa mchana, na shangazi akamwomba akune nazi mbili za wali na mchuzi wa samaki.

Kukuna nazi kunahitaji kuelezwa, kwa sababu hakuna karatasi ya hospitali niliyowahi kuona inayokutaja, na ni miongoni mwa kazi nzito kuliko zote kwa msuli wa kifua ambazo mwanamke wa pwani huzifanya ndani ya nyumba. Mkunaji hukaa juu ya mbuzi, yaani kigoda chenye meno ya chuma ya kukunia, akashika kifuu kwa mikono miwili mbele ya mapaja, akakikandamiza kwenye meno hayo huku akikizungusha na kukivuta. Viwiko havipandi juu ya mabega hata mara moja, kwa hiyo aliyesoma karatasi ile neno kwa neno ataona kwamba hakuvunja sharti lolote. Wala kifuu hakifiki kilo 2. Ila mikono yote miwili husukumwa chini na ndani kwa nguvu, mamia ya mara, na baada ya hapo huja kukamua tui, ambako msuli ule ule hukazwa na kushikiliwa. Bi M. anasema alihisi kitu kama kamba kikivutika ndani ya titi la kushoto akiwa kwenye nazi ya pili, akanyamaza, akamaliza.

Kulikuwa na jambo jingine lililochangia. Dawa ya maumivu aliyopewa, tramadoli, ilimletea kichefuchefu na kumfunga choo, akaiacha siku ya tatu bila kumwambia daktari. Parasetamoli ilipomalizika aliingia duka la dawa akaomba kitu cha maumivu ya kifua na mgongo, bila kutaja upasuaji, akauziwa vidonge ambavyo ndani yake mna aspirini, akavitumia kwa siku mbili. Aspirini hudhoofisha chembe sahani za damu, ambazo ndizo zinazoanza kuziba mahali panapovuja, na chembe zilizokwisha kuguswa nayo hazirudi katika hali yake mpaka mwili utengeneze nyingine, kazi inayochukua takriban wiki moja au zaidi kidogo. Siwezi kuapa kwamba nazi peke yake ingetosha kumwaga damu ile, wala kwamba aspirini peke yake ingetosha. Ninachoweza kusema ni kwamba muuzaji angeambiwa ukweli asingempa vidonge vile, na kwamba siri iliyokusudiwa kwa shangazi ilifika mpaka dukani.

Usiku huo, baada ya sala ya Isha, titi la kushoto lilianza kujaa. Bi M. alijilaza akidhani ni uchovu. Mnamo saa tano shangazi alisikia akiguna, akaingia na taa, akamkuta amekaa ameshika kifua, na alipoona uvimbe kupitia kanga akauliza: “Mbona ziwa limeumuka hivi mwanangu, na wewe hunyonyeshi?” Bi M. alisema pengine ni jipu. Shangazi alifanya kile ambacho mtu mzima wa Tanga aliyeuguza wanawake wengi waliojifungua angekifanya: alichemsha maji, akachovya taulo, akalikamua, akamkanda. Alikanda kwa upole na kwa nia njema. Lakini joto hupanua mishipa ya damu, na kukandamiza hutikisa donge linalojaribu kuziba. Isitoshe, ngozi ya titi baada ya upasuaji huu huwa na ganzi kwa wiki au miezi, kwa hiyo mgonjwa anaweza kuunguzwa na taulo bila kuhisi. Baada ya muda mfupi maumivu yalizidi, na mdogo mtu, aliyekuwa amelala hapo siku hiyo, akakimbia kuniita.

Nilimkuta akitoka jasho, mapigo ya moyo 108 kwa dakika, shinikizo la damu 118 kwa 74, joto la mwili 37.1. Titi la kulia lilikuwa laini na limevimba kidogo kama inavyotarajiwa. La kushoto lilikuwa kubwa kwa dhahiri, gumu, ngozi imevutika na kung’aa, na weusi wa damu umeenea upande wa chini kuelekea kwapani. Tofauti hiyo ya upande mmoja, iliyotokea ndani ya saa chache, ndiyo iliyoniamulia. Uvimbe wa kawaida huja pande zote mbili na huanza kupungua katika wiki ya kwanza. Maambukizi mara nyingi huja taratibu zaidi, yakiongozana na homa, wekundu na ngozi ya moto. Damu inayovuja huja haraka, upande mmoja, na maumivu yake hayalingani na ya siku iliyotangulia. Nilizuia kukanda, nikamweka ameegemea mito, nikachora kwa kalamu ukingo wa ule weusi ili tuone kama unatambaa, nikamkataza kula na kunywa kwa sababu huenda angehitaji nusu kaputi, na nikampigia daktari wake kwa namba iliyokuwa kwenye karatasi. Namba hiyo ilipokelewa usiku wa manane, na ninamshukuru aliyeipokea.

Tulimpeleka kwa bajaji hospitali ya mkoa, Bombo. Ultrasaundi ilionyesha damu iliyozunguka kifuko cha kushoto, na kiwango cha hemoglobini, kinachoonyesha wingi wa damu, kilikuwa gramu 10.2 kwa desilita. Madaktari wa pande mbili walisemezana kwa simu, na kwa kuwa mapigo yake yalitulia baada ya kuwekewa maji, ilikubaliwa asafirishwe Dar es Salaam alfajiri ile akiwa na muuguzi. Huko jeraha lilifunguliwa, donge la mililita 200 hivi likatolewa, kishipa kimoja kilichokuwa kikivuja kikafungwa, nafasi ikasafishwa, na kifuko kikarudishwa pamoja na mrija wa kutolea majimaji uliokaa siku mbili. Donge kubwa namna hiyo haliachwi liyeyuke lenyewe: huikandamiza ngozi kwa ndani, ni makao mazuri kwa vijidudu, na huongeza uwezekano kwamba utando ambao mwili huufuma kuzunguka kila kifuko utakuja kukaza na kuwa mgumu.

Kabla ya gari kuondoka Bombo, shangazi aliniuliza mara mbili mwanawe ana nini. Nilimjibu kwamba mwenyewe ndiye mwenye haki ya kusema, na sikuongeza neno. Siri ya mgonjwa haifunguliwi na muuguzi hata kwa mlezi, na hata pale muuguzi anapoona kwamba siri hiyo inamuumiza mwenyewe. Nilichofanya ni kumweleza Bi M., tukiwa wawili, kwamba atarudi nyumbani na kidonda kilichofunguliwa mara mbili, na kwamba safari hii hakuna kazi hata moja anayoweza kuifanya kwa wiki kadhaa, basi aangalie mwenyewe kama hilo linawezekana bila shangazi kujua. Alimwita akamwambia. Shangazi alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema maneno ambayo Bi M. ameniruhusu kuyaandika: “Ungeniambia ningekukataza, na hilo sikufichi. Lakini ungekuja umeshafanya, ningekuuguza. Nimekukanda uzazi mara mbili. Usiku huu nimekukanda bila kujua nakanda nini.” Hakulirudia suala hilo tena mbele yangu.

Kuanzia hapo uuguzi ulikuwa na mwenyewe. Shangazi anaijua kazi ya arobaini kuliko mimi: kumpangia mgonjwa chakula, kuzuia wageni wasimchoshe, kumwondolea mtoto, kumwamsha kwa dawa. Yote hayo yalifaa na nilimwachia. Majirani waliokuja kutoa pole waliambiwa kwamba amefanyiwa upasuaji wa kifua, maneno ambayo ni ya kweli na yanatosha. Mambo tuliyohitaji kukubaliana upya yalikuwa machache, nayo yalihusu zile sehemu za desturi ya uzazi zisizolingana na jeraha hili. Kukanda kuliondolewa kabisa, pamoja na mafuta, habati soda na manjano kwenye mshono. Mshono haukuhitaji kitu chochote juu yake isipokuwa plasta aliyoweka daktari. Mkaja, kitambaa cha kumfunga tumbo aliyejifungua, nao haukuwa na kazi. Jambo lililokuwa gumu kwake ni lile la kumtembeza. Kwa shangazi, mgonjwa anayetunzwa vizuri hatoki ndani, ilhali mimi nilitaka Bi M. auzunguke ua wa nyumba kila baada ya saa mbili za mchana, mikono ikining’inia, ili damu isigande miguuni. Nilimweleza dalili za kuganda huko, yaani shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kukatika ghafla, na kwamba pumzi ikikatika hakuna kungoja asubuhi. Alipolielewa hilo akawa yeye ndiye anayemhimiza kutoka.

Kitanda tulikitengeneza kwa mito minne na gunia la sufi lililokunjwa nyuma yake, na mto mwingine chini ya magoti ili asiteleze. Kuinuka ndilo tatizo ambalo watu hulisahau, kwa sababu mtu aliyelala chali hujisukuma kwa mikono bila kufikiri. Tulimfundisha kukunja magoti, kushusha miguu kando na kuinuliwa kwa mkono wa shangazi uliowekwa mgongoni, kati ya mabega, bila kuvutwa mikono. Mtoto alihamia kwa shangazi usiku. Mchana alipanda kitandani na kukaa ubavuni baada ya mama kuwekewa mto kifuani, kwa kuwa mtoto wa miaka minne huruka kabla hujamwona, na kumfukuza moja kwa moja kungemfanya alie na kumshawishi mama kumbeba.

Nguo zilihitaji fikra kuliko nilivyotazamia. Dera na buibui la kuvaa kwa kichwa havikuwezekana, kwa hiyo alivaa mashati ya mumewe yenye vifungo mbele, na buibui lililofunguka mbele alipokwenda kliniki. Kanga aliizoea kifuani, amejikaza kwa fundo kama wafanyavyo wanawake wengi wakiwa nyumbani, na fundo hilo lilikaa juu kabisa ya mahali palipofunguliwa. Tuliihamishia kiunoni. Sidiria ya upasuaji alikuwa na moja tu, na katika joto la Tanga, hasa nyakati za kaskazi ambapo hewa ina unyevu mchana na usiku, moja haitoshi: jasho hukusanyika katika mkunjo ule ule ulio na mshono, ngozi hulainika, vipele huanza na kidonda huchelewa kufunga. Alinunuliwa ya pili, zikawa zinapokezana, moja mwilini na moja kambani juani. Umeme ulipokatika na feni kusimama, shangazi alimpepea kwa kipepeo. Poda tuliikataza, kwa sababu huganda na jasho na kuingia kwenye mshono. Wiki ya tatu vipele vilitokea hata hivyo, vikaisha kwa kukausha mkunjo kwa kitambaa safi na kukaa nusu saa mara mbili kwa siku ameegemea mito bila sidiria, jambo ambalo daktari aliliruhusu kwa simu.

Kuhusu sala, Bi M. aliniuliza kwa wasiwasi, kwa kuwa katika ile wiki ya kwanza alikuwa amesujudu kila siku ili asiulizwe. Kwenye sujudu uzito wa kiwiliwili huegemea mikono, kichwa hushuka chini ya moyo, na damu husukumwa kuelekea kifuani. Shangazi ndiye aliyemjibu, akimkumbusha hadithi mashuhuri ya Imran bin Huswain inayomtaka mtu asali amesimama, asipoweza akae, na asipoweza alale. Alisali amekaa kwenye kiti, akiashiria kwa kichwa, huku mdogo wake akimmiminia maji ya udhu ili asinyanyue birika. Jibu hilo lilikuwepo ndani ya nyumba tangu siku ya kwanza.

Uamuzi wa dawa ulirudishwa kwa daktari: parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6, bila kuzidi gramu 4 kwa siku, na kitu chochote kingine kwa idhini yake tu. Kufunga choo kuliondolewa kwa maji mengi, papai, machungwa ya Muheza na maharage, na nililitilia mkazo kwa sababu kujikamua chooni huongeza mgandamizo ule ule tunaoukimbia. Kitunguu saumu na tangawizi katika mchuzi havina neno. Kuvinywa kwa wingi kama dawa ndiko nilikozuia, kwa kuwa vyote viwili vinaweza kupunguza kuganda kwa damu.

Yalitokea pia mambo ya kutisha yasiyo na hatari, na ni vema yatajwe ili mwingine asikimbizwe hospitali bure. Wiki ya pili Bi M. alisikia titi likitoa sauti ya maji alipogeuka. Ni hewa na majimaji yaliyobaki, na mwili huvinyonya. Michomo mifupi kama ya umeme ilikuja kadiri neva zilivyoamka. Wiki ya tano ukajitokeza mshipa mgumu kama uzi, kutoka chini ya titi la kulia kuelekea tumboni, unaouma akinyoosha mkono. Ni mshipa mdogo wa juu uliovimba baada ya upasuaji, haupeleki damu iliyoganda kwenye mapafu, na ulitoweka baada ya wiki chache. Shangazi alitaka kuuchua. Alinitumia mtoto kuniuliza kwanza.

Mwisho wa wiki ya sita daktari alimruhusu kurudisha mikono kazini hatua kwa hatua, akianza na vitu vyepesi, na kazi za kusukuma na kukamua akaziahirisha mpaka itimie miezi mitatu baada ya upasuaji. Nazi hukunwa na mdogo wake anapokuja, au hununuliwa imekwisha kukunwa sokoni. Katika kuonana kwa miezi mitatu titi la kushoto lilikuwa bado limekaa juu kidogo kuliko la kulia, na eneo la chini ya chuchu halina hisia kamili. Kovu ni jekundu na linaendelea kukomaa, kazi inayochukua mwaka hivi, na katika muda huo halitakiwi kuchomwa na jua.

Nilimsisitizia pia atunze kadi ya vifuko, yenye jina la mtengenezaji, ukubwa na namba ya kila kimoja. Vifuko hivi haviwekwi kwa maisha yote. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani hupendekeza vifuko vya silikoni vichunguzwe kwa ultrasaundi au MRI (kipimo cha picha kwa nguvu ya sumaku) miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha kila miaka 2 au 3, kwa kuwa kifuko kinaweza kupasuka bila mwenyewe kuhisi kitu. Mwaka 2010, ilipobainika Ufaransa kwamba kampuni ya PIP ilijaza vifuko vyake silikoni isiyo ya matumizi ya tiba, wanawake wa nchi nyingi walilazimika kutafuta wamewekewa vya nani, na kadi ndiyo iliyokuwa jibu la haraka. Kadi ya Bi M. imo katika mfuko mmoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na shangazi anajua ilipo, ili hata akipelekwa hospitali hajitambui kuwe na wa kuionyesha. Atakapofika umri wa kupigwa picha za matiti, au akipigwa kwa sababu nyingine, itambidi amwambie mpigaji kuhusu vifuko kabla ya kuanza, kwa kuwa picha hupigwa kwa namna tofauti.

Nimemwandikia daktari wake nikimwomba aongeze maswali kabla ya kumpa mgonjwa ruhusa: nyumbani nani anajua, nani atapika, maji yanatoka wapi, na mtoto mdogo atalala na nani. Nilimwomba pia ataje kazi kwa majina yake, kukuna nazi, kukamua tui, kutwanga, kufua kwa mikono na kupiga deki, badala ya kutaja kilo peke yake. Amekubali kuzitaja kazi. Kuhusu swali la nani anajua, alisema anaogopa mgonjwa ataliona kama kuingilia faragha, nami nimempendekezea liulizwe mgonjwa akiwa peke yake, kabla ya tarehe ya upasuaji kupangwa, wakati bado kuna nafasi ya kuahirisha au kutafuta pa kulala siku kumi nje ya nyumba yake. Kwa Bi M. linalobaki ni upande wa kushoto, ambao kwa sababu ya damu ile una uwezekano mkubwa zaidi wa kukaza kuliko wa kulia. Ameelekezwa aupapase kila mwezi akiwa ameegemea, aulinganishe na mwenzake kwa ulaini na kwa umbo, na arudi kliniki itakapotimia miezi sita na miezi kumi na miwili baada ya upasuaji hata kama haoni tatizo.